Uzi na Mwasho: Uchambuzi wa Kisa cha Morgellons

Mwaka 2001, nchini Marekani, mtoto wa kiume wa miaka miwili alitoka kidonda chini ya mdomo, kidonda kisichotaka kupona. Mtoto alikuwa akikionyesha kwa kidole na kusema ni wadudu. Mama yake, Mary Leitao, aliwahi kufanya kazi ya maabara hospitalini kabla hajabaki nyumbani kulea, kwa hiyo hakuridhika kupaka dawa na kungoja. Alichukua hadubini ya kuchezea ya mwanawe, akaweka chini yake ukoko alioubandua, akatazama. Aliona nyuzi: nyekundu, za bluu, nyeusi, nyeupe.

Akaanza safari ya madaktari, mmoja hadi mwingine. Hakuna aliyeona ugonjwa kwa mtoto, na baadhi yao wakageuza macho wakamtazama mama. Lipo tatizo la akili ambalo humfanya mzazi amzulie mtoto maradhi, na wapo waliopendekeza apimwe kwa hilo. Alikwenda kutafuta jina la ugonjwa wa mwanawe, nusura arudi na jina la ugonjwa wake mwenyewe. Basi jina akalitafuta mwenyewe.

Alilipata kwa Sir Thomas Browne, tabibu na mwandishi wa Uingereza wa karne ya 17. Katika barua iliyochapishwa mwaka 1690, miaka minane baada ya kifo chake, Browne anataja ugonjwa wa watoto wa Languedoc, kusini mwa Ufaransa, ulioitwa “the Morgellons”, ambao uliwafanya watoe nywele ngumu mgongoni. Leitao alichukua neno hilo mwaka 2002, akaanzisha taasisi ya utafiti kwa jina hilohilo, na watu wakaanza kujiandikisha. Baada ya miaka michache taasisi ilikuwa ikisema imepokea taarifa za zaidi ya familia 12,000, kutoka majimbo yote 50 ya Marekani na kutoka nchi nyingine. Hesabu hiyo ni ya watu waliojitangaza wenyewe kuwa wagonjwa, kwa hiyo isisomwe kama idadi ya wagonjwa waliopimwa.

Barua ya Browne ina jambo ambalo wengi wanaolinukuu jina hilo hawalifikii. Kwake yeye, nywele zile zilikuwa dalili njema. Zikitoka, watoto walipata nafuu ya kikohozi na degedege. Leitao hakudai kuwa ni ugonjwa uleule. Alihitaji tu neno la kuanzia. Lakini neno lenye miaka zaidi ya 300 lina uzito wake. Mtu anayeambiwa na daktari kwamba ugonjwa wake haupo, halafu akasikia kwamba uliandikwa tangu karne ya 17, anaondoka na hoja mkononi. Nadhani nusu ya nguvu ya kisa hiki imetokana na jina hilo.

Wenye Morgellons wanaeleza nini? Maelezo yao yanafanana sana, na kufanana huko kila upande umekutumia kama ushahidi wake. Ngozi inawasha. Kuna kuhisi kutambaliwa, kuchomwa, kuumwa na kitu kisichoonekana. Vidonda vinatoka, haviponi, au vinapona na kuacha makovu. Kuna uchovu mkubwa, usahaulifu, kushindwa kukaza fikra, maumivu ya viungo. Na kuna nyuzi, au chembe nyeusi kama mbegu, zinazotoka kwenye vidonda au kuonekana chini ya ngozi isiyo na jeraha. Mwanamuziki Joni Mitchell alisema hadharani mwaka 2010 kwamba anao ugonjwa huu, na tangu hapo hata wasiosoma habari za tiba wakalisikia neno lenyewe.

Madaktari wengi wa ngozi walipoyasikia maelezo hayo waliona kitu wanachokijua. Mwaka 1894 Mfaransa Georges Thibierge alikwisha kuandika juu ya watu waliokuwa na hakika kwamba wana wadudu wa upele na hawakuwa nao. Mwaka 1938 Karl Ekbom wa Sweden aliandika juu ya wagonjwa, wengi wao wanawake wa makamo, walioamini bila kutikisika kwamba vijidudu vinaishi ngozini mwao. Hali hiyo imewekwa katika kundi la imani potofu: mtu ana akili zake katika kila jambo jingine, anafanya kazi, analea, anahesabu fedha zake vizuri, lakini katika jambo hili moja hakuna ushahidi unaoweza kumgeuza. Kwa madaktari hao, nyuzi zilichukua tu nafasi ya wadudu.

Mimi naona mjadala uliharibikia hapo, tena mapema sana. Maswali mawili yalifungwa kamba moja. La kwanza ni la vitu: nyuzi hizi ni nini na zimefikaje hapo? La pili ni la mwili: kwa nini mtu huyu anawashwa na kutambaliwa mpaka anajichimba? Wagonjwa waliamini kwamba jibu la la kwanza ndilo jibu la la pili, na madaktari wengi wakakubali mpango huo bila kusema. Uzi ukithibitika ni pamba, mgonjwa ni mwongo au ana tatizo la akili. Uzi ukithibitika si pamba, mgonjwa kashinda. Wote wakakodolea uzi, na mwasho ukabaki bila wakili.

Tuanze na uzi, kwa kuwa wenyewe ndio uliopewa fedha na maabara.

Randy Wymore, mtafiti wa Oklahoma State University, alianza kuzikusanya nyuzi hizo mwaka 2005 na kuzipeleka kwa wataalamu wa uchunguzi wa jinai wa polisi wa Tulsa. Hao kazi yao ni kutambua uzi wa shati la mtuhumiwa kutoka kwenye kiti cha gari. Walizilinganisha na kumbukumbu zao za nyuzi za viwandani, na Wymore akatangaza kwamba hazikufanana na yoyote. Taarifa hiyo ilisafiri mbali. Lakini kukosa jina kwenye orodha hakumaanishi kitu hicho kimeota mwilini. Kunamaanisha tu kwamba orodha haina hicho kitu, au sampuli imechakaa, imelowa damu, imebadilika. Mtu asiyeonekana kwenye daftari la wapiga kura hajawa mgeni kutoka sayari nyingine.

Malalamiko yaliwafikia wanasiasa, wakiwemo maseneta wa Marekani, na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha nchi hiyo, CDC, kikaanza utafiti Januari 2008. Kilishirikiana na Kaiser Permanente ya kaskazini mwa California, mfuko wa afya wenye wanachama zaidi ya milioni tatu na kumbukumbu zao za matibabu kwenye kompyuta. Matokeo yalitoka Januari 2012 katika jarida la PLoS ONE. CDC hawakulitumia jina la Morgellons kama jina la ugonjwa. Waliandika “tatizo la ngozi lisiloelezeka”. Kwa wagonjwa hilo lilikuwa tusi. Kwa watafiti ilikuwa tahadhari, maana ukilipa jambo jina la ugonjwa kabla ya kulipima umeshajibu nusu ya swali.

Walipata watu 115 waliolingana na maelezo, yaani kama 3.65 katika kila watu 100,000. Umri wa katikati ulikuwa miaka 52, na asilimia 77 walikuwa wanawake. Hawakuonekana kurundikana mahali pamoja wala wakati mmoja, jambo ambalo mtu angelitegemea kama kitu kinaambukizwa. Waliokubali kuchunguzwa ana kwa ana walikuwa 41. Walikatwa vinyama vya ngozi, wakapimwa damu na mkojo, wakapimwa nywele, wakahojiwa na wataalamu wa akili. Hakukutwa kimelea. Hakukutwa bakteria wa jamii ya kifua kikuu au ukoma. Vidonda vingi vilionekana kama vya kujikuna na vya kuumwa na wadudu wa kawaida. Nusu ya vinyama vilionyesha ngozi iliyochakazwa na jua. Na nyuzi zilizotolewa kwenye ngozi zilikuwa nyingi zaidi selulosi, kwa dalili zote pamba.

Magazeti yaliishia hapo: ni pamba, ni kichwani, kesi imefungwa. Ukiusoma utafiti wenyewe unakuta mambo mengine. Asilimia 59 walionyesha upungufu fulani katika vipimo vya kufikiri na kukumbuka. Asilimia 63 walikuwa na malalamiko ya kimwili ya kiwango cha kushughulisha daktari. Katika waliopimwa nywele, nusu zilionyesha dalili za dawa au vilevi, na vipimo hivyo vinanasa pia dawa za maumivu anazoandikiwa mtu hospitalini. Wengi walisema wamechoka muda wote. Hawa si watu wazima wa afya wanaocheza na hadubini. Ni watu wanaoumwa. Utafiti ulisema haukupata chanzo kimoja kinachowaunganisha wala chanzo cha maambukizi, na kwamba hali yao inafanana na ile ya imani ya kushambuliwa na wadudu. Kusema “inafanana na” ni kauli ya kujizuia. Ilipotoka nje ya jarida ikawa “ni”.

Wakosoaji walikuwa na hoja kadhaa na si zote za kutupwa. Eneo moja tu la nchi moja. Watu waliopatikana kwa kuchambua mafaili ya kompyuta, siyo kwa kuwatafuta waliochunguzwa miaka mingi na madaktari wanaoamini ugonjwa upo. Na 41 kati ya 115 ndio pekee waliofika kwenye kitanda cha uchunguzi. Nikiulizwa, hoja hizi zinapunguza upana wa jibu lakini haziligeuzi. Kama kungekuwa na kiumbe kinachozalisha nyuzi za rangi ndani ya ngozi za watu 41, maabara zile zingekiona hata kwa mmoja.

Basi pamba inaingiaje kwenye kidonda? Hapa ndipo ninapotamani daktari angetumia dakika tano badala ya kukunja uso. Kidonda kibichi hutoa majimaji yenye protini. Yakikauka yanakuwa gundi. Kila kinachopita hunata: uzi wa shuka, wa taulo, wa bendeji, wa shati la usiku. Ukoko unaganda juu yake, ngozi mpya inaanza kupanda kutoka kando, na uzi unabaki umezikwa nusu ndani, nusu nje, kama mzizi. Ukiuvuta unauma, kwa sababu umeshikana na nyama mbichi. Anayeuvuta anasema kwa ukweli mtupu kwamba umetoka ndani na umeuma.

Fanya jaribio hili. Osha mkono, ukaushe, kaa nusu saa na nguo zako za kawaida, kisha bandika utepe mpana wa gundi juu ya ngozi safi isiyo na jeraha na uubandue. Utazame kwa kioo cha kukuzia chenye nguvu. Utaona magamba meupe ya ngozi, na kati yake vijiuzi vilivyojikunja, vya bluu kwa wingi, kimoja kimoja chekundu, vyeupe vinavyong'aa kama nailoni. Ni kitu kinachotisha kidogo, nakiri. Tunaishi ndani ya wingu la nguo zetu na hatulioni. Na ukizimulika kwa taa ya miali ya urujuanimno, nyingi zinawaka bluu, jambo ambalo wagonjwa wamelitaja mara kwa mara kama ithibati ya ajabu. Sabuni za kufulia zina kemikali za kung'arisha zinazofanya hivyo hasa, ili nguo nyeupe ionekane nyeupe zaidi juani.

Lakini si wote walioafiki kwamba ni nguo. Upinzani wenye sura ya sayansi umetoka kwa Marianne Middelveen, Raphael Stricker na wenzao. Wao wanasema nyuzi ni keratini na kolajeni, yaani vitu vinavyotengenezwa na chembe za ngozi yenyewe, na kwamba kinachozichochea ni bakteria wa Borrelia, wale wa ugonjwa wa Lyme unaoenezwa na kupe. Kielelezo chao wamekitoa zizini. Ng'ombe hupata ugonjwa wa ngozi ya kwato unaohusishwa na bakteria waliojisokota kama skrubu, jamii ya treponema, na mahali palipougua panaweza kuota vinyuzi virefu vya keratini, kiasi kwamba wafugaji wanaozungumza Kiingereza huuita kwa jina la chunjua zenye nywele. Mwaka 2015 walichapisha kazi juu ya wagonjwa 25, na karibu wote wakaripotiwa kuwa na dalili za Borrelia.

Nimejaribu kuisoma hoja hii kwa haki. Kielelezo cha ng'ombe kinavutia, maana kinaonyesha kwamba ngozi iliyokasirishwa na bakteria inaweza kuota kitu kama nywele. Kinachonikwaza ni namna wagonjwa walivyopatikana. Ukikusanya watu ambao tayari wamepita mikononi mwa madaktari wa Lyme, kukuta Lyme si mshangao mkubwa. Ngozi yenye vidonda vya miaka ina bakteria wa kila namna. Na kazi hizo zimetoka kwa kundi dogo la watu walewale. Hazijarudiwa na maabara zisizo na upande zikapata matokeo yaleyale. Rangi nazo hazijibiwi vizuri. Keratini yaweza kuwa nyeupe, ya manjano, ya kahawia. Bluu ya jinzi ni habari nyingine.

Kuna waliopewa antibayotiki wakapata nafuu, na hao ndio mashahidi wakali kuliko wote. Sina sababu ya kuwaita waongo. Ila doksisiklini na ndugu zake hupunguza uvimbe na muwasho hata pasipo bakteria. Madaktari wa ngozi wanazitumia kwa kazi hiyo siku zote. Na kidonda kinachofunikwa vizuri na kukaa wiki mbili bila kuchokonolewa hupona. Hoja hiyohiyo inakata upande wa pili. Wapo waliopewa dawa za magonjwa ya akili, pimozide zamani, risperidone au olanzapine siku hizi, wakapona. Dawa hizo nazo zinagusa mishipa ya fahamu kwa njia nyingi, na mwasho ni kazi ya mishipa ya fahamu. Nafuu pekee haisemi ugonjwa ulikuwa wapi.

Sasa mwasho wenyewe, ule ulioachwa bila wakili. Kuhisi kutambaliwa ni jambo la kale kiasi kwamba lugha ya tiba imelipa jina linalotokana na neno la Kilatini la sisimizi. Linaweza kuletwa na kisukari kinapoharibu mishipa midogo ya fahamu. Na upungufu wa vitamini B12. Na tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi au chini ya kiasi. Na kukoma kwa hedhi, jambo la kukumbukwa ukitazama tena umri na jinsia ya wagonjwa wa California. Mkanda wa jeshi ukishapona unaweza kuacha kipande cha ngozi kinachowasha kwa miaka. Kokeini na amfetamini huleta wadudu wa kuhisi, na mlevi aliyekatishwa pombe ghafla huwaona kabisa. Upele halisi, wenye kidudu chake, unaweza kudanganya macho ya daktari mwenye haraka. Hakuna hata kimoja hapa kinachohitaji uzi.

Ukishawashwa usiku na mchana unajikuna. Ukijikuna unatoa kidonda. Kidonda kinakusanya nyuzi. Unaziona, unashtuka, unachimba kuzitoa. Ubongo nao, ambao hauvumilii hisia isiyo na sababu, unatoa sababu: kuna kitu ndani. Kutoka kwenye mshipa mbovu wa fahamu hadi kwenye imani isiyotikisika kuna hatua chache, na kila hatua ina mantiki yake. Ndiyo maana swali la “mwilini au akilini?” naliona halina msaada. Mtu anaweza kuanzia upande mmoja akaishia mwingine, na akirudishwa kwa kejeli haponi popote.

Kejeli ilikuwepo kwa wingi. Madaktari wana kitu wanachokiita ishara ya kibiriti, jina lililoenea tangu barua iliyotoka katika jarida la Lancet mwaka 1983. Mgonjwa anakuja na sampuli zake kwenye kasha la kibiriti, siku hizi kwenye kichupa au picha za simu, na kule kuja nazo kunahesabiwa kuwa dalili ya imani potofu. Fikiria upande wa anayebeba. Ziara iliyopita aliambiwa hakuna kinachoonekana. Amekwenda nyumbani, amekusanya ushahidi kama mtu mwenye akili, ameufunga kwa uangalifu, na kitendo hichohicho cha kuufunga ndicho kinachomhukumu. Asipoleta, hakuna ushahidi. Akileta, ana tatizo la akili. Siwezi kuwalaumu waliohama madaktari na kuhamia kwa yeyote anayewasikiliza, hata kama anayewasikiliza anauza dawa za bei mbaya zisizo na kazi.

Taasisi ya Leitao ilifunga milango mwaka 2012, mwaka uleule wa ripoti ya CDC. Wagonjwa hawakufunga. Wengi wa madaktari leo wanaiweka Morgellons ndani ya kundi la imani ya kushambuliwa, na nadhani kwa wengi wa wagonjwa wako sahihi, ingawa ningetaka kila mmoja apimwe damu, sukari, B12 na tezi kabla ya neno hilo kutamkwa.

Kuna utafiti mmoja ambao huwa naurudia kichwani kila mjadala huu unapoanza upya. Ulitoka hospitali ya Mayo Clinic ya Marekani mwaka 2011, ukaangalia watu 108 waliosema ngozi zao zimeshambuliwa. Waliokatwa vinyama vya kupima walikuwa 80, na hakuna kinyama hata kimoja kilichoonyesha mdudu, ingawa zaidi ya nusu vilionyesha ngozi iliyovimba na kuugua kweli, kwa namna ambayo ina tiba. Sampuli za kwenye vikasha na vichupa nazo zilitoka kwa wagonjwa 80. Nyingi zilikuwa ngozi, nyuzi, uchafu, mimea. Kumi zilikuwa na wadudu, na tisa kati yao walikuwa wadudu wa kawaida wa nyumbani au bustanini wasioishi mwilini mwa mtu. Ya kumi ilikuwa chawa wa sehemu za siri, halisi kabisa.